Mashua juu ya gadi: siku nane kati ya bamvua na bamvua

Mwaka jana nilimchukua mgeni mmoja wa Florida, Marekani, kwenda kuzamia Mnemba. Njiani akanieleza kuwa mashua yake haikai majini wala mchangani. Inakaa hewani, juu ya lifti iliyosimikwa mbele ya nyumba. Akibonyeza kitufe mikanda inaibeba, naye anapita chini yake na brashi na ndoo. Akaniuliza, "Na nyinyi hapa Nungwi lifti yenu iko wapi?" Nikamwonyesha mwezi. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 18 ya mwezi wa Kiislamu, na mwezi ulikuwa unazama magharibi, umeshaliwa ubavu mmoja.

Akacheka, akadhani namtania. Lakini ndivyo ilivyo. Bahari yetu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, hupanda na kushuka kama mita 4, na maji hayo huinua mashua ambayo wanaume kumi na tano hawaisogezi, yakaiweka pale ulipotaka, yakaondoka. Tofauti ni kwamba lifti yake inamsikiliza yeye, na mimi ndiye ninayeisikiliza yangu. Nikikosea siku, hakuna kitufe.

Mashua yangu inaitwa Siringi. Ina futi 26, mbao za mwembe na mninga, mataruma (mbavu zake za ndani) ya mtondoo, tanga moja na mashine ya Yamaha ya 40. Haya ninayoandika ndiyo ninayoifanyia kila ninapoipandisha. Mwenye boti ya faiba atayaruka ya kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba, na ya moto, lakini ya tarehe, ya gadi, yaani miti ya kuiegemeza mashua, na ya mashine yanamhusu sawasawa.

Tarehe kwanza

Sisi tunahesabu kwa mwezi wa Kiislamu kwa sababu ndio unaokwenda na maji. Bamvua huja mara mbili, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na maji makubwa kabisa hayaji siku yenyewe, huja siku moja au mbili baadaye. Siku hizo hapa Unguja maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kuanzia hapo kila siku yanachelewa, kwa wastani dakika 50, na kila siku yanaishia chini kidogo ya yalipofika jana, mpaka yawe maji mafu. Halafu yanaanza kupanda upya.

Anayeanza hudhani siku ya kupandisha ni ile ya maji makubwa kabisa, kwa kuwa ndiyo itakayomfikisha juu kabisa. Hata mimi nilidhani hivyo. Ilikuwa Machi, na mabamvua ya Machi na Septemba ndiyo makubwa ya mwaka. Nikaisukuma Siringi mpaka karibu na minazi, nikafurahi, nikafanya kazi yangu bila haraka. Bamvua lililofuata likaja dogo. Maji yakafika hatua sita nyuma ya shetri, ndiyo sehemu ya nyuma ya mashua, yakasimama pale kidogo kama mtu aliyesahau alichokijia, yakarudi. Nikakaa mwezi mzima natazama wenzangu wanatoka na mimi nipo pwani nafukuza mbuzi kwenye kivuli cha mashua. Mwishowe tulichimba mfereji, watu thelathini, na mke wangu akapika sufuria mbili za pilau. Pilau ile ilinigharimu kuliko kalafati.

Kwa hiyo pandisha bamvua likiwa limeshaanza kukatika, siku mbili au tatu baada ya maji makubwa. Kwa hesabu yangu ni tarehe 18 au 19, au tarehe 4 au 5. Maji yanayofuata yote yatakuwa chini ya ulipokaa, mashua itabaki kavu, na bamvua lijalo hata likiwa dogo litakufikia. Unapata siku tisa au kumi. Mimi napanga kazi za siku nane. Zilizobaki ni za mvua, za msiba wa jirani, na za fundi aliyesema anakuja kesho.

Napandisha mara tatu kwa mwaka: Juni masika yakishakwisha, Oktoba kabla vuli haijaanza, na Februari wakati wa kaskazi. Katikati ya masika siipandishi isipokuwa kwa dharura, maana mbao haikauki na mafuta hayaingii.

Kuipandisha na kuitia gadi

Ingia na maji ya alfajiri. Maji ya jioni nayo yatakufikisha, lakini yatapwa usiku, na kutia gadi kwa mwanga wa simu ni kutafuta kuvunja mguu.

Siku moja kabla, maji yakiwa yamepwa, chagua mahali penye mchanga mtupu usio na jiwe, ulalishe magogo matatu ya mnazi: moja litakapokaa omo, yaani mbele ya mashua, moja katikati, moja chini ya shetri. Yafukie nusu ili yasielee maji yakija. Uzito wote wa mashua lazima ukae juu ya mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, na mkuku ulale sawa kwenye magogo yote. Gogo la katikati likiwa chini kuliko mengine, mashua inaning'inia kama kitanda kilichokatika kamba, na baada ya siku chache utaona mbao za katikati zimeachana.

Toa vitu vizito kabla hujaingia: mashine, tangi la mafuta, nanga, na farumi (mzigo wa kuituliza mashua) ukiwa nayo. Mashua nyepesi inaelea juu zaidi na inafika mbali zaidi. Halafu isukume mpaka iguse, iweke juu ya alama zako, na watu wawili watatu wasimame kila upande kuishika wima maji yakiondoka. Omba msaada usiku uliotangulia, na nyumba kwa nyumba. Ujumbe wa simu watu huusoma wakiwa wameshaamka, na maji hayamsubiri mtu anywe chai.

Gadi zangu ni miti ya mkoko, tatu kila upande. Kichwa cha gadi kikae penye taruma, kamwe si kwenye ubao mtupu kati ya taruma na taruma, kwa sababu hapo unaisukuma mbao ndani. Baina ya gadi na mashua tia kipande cha ubao laini. Chini ya gadi tia ubao mpana ili isizame mchangani. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, ifunge gadi ya kulia na mwenzake wa kushoto kwa kamba inayopita chini ya mkuku. Gadi haianguki kwa kuvunjika, huanguka kwa kuteleza kwenda nje, na kamba hiyo ndiyo inayoizuia. Ukimaliza isukume mashua kwa bega. Ikitikisika, rudia.

Nimeona mashua ikilala ubavu kwa sababu mwenyewe alitoa gadi moja apate kupaka rangi nyuma yake. Ukitaka kupaka hapo, simamisha gadi mpya pembeni kwanza, ndipo utoe ya zamani. Na mtoto hachezi chini ya mashua. Hilo halina mjadala.

Sasa fungua kizibo cha chini, maji ya ngama, yale yanayotuama ndani chini, yatoke, na kiache wazi siku zote hizo. Mvua ya usiku mmoja inaweza kujaza mashua iliyozibwa, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Gadi ulizitia kwa ajili ya mashua tupu, si kwa ajili ya birika. Zaidi ya hapo, maji ya mvua ndiyo yanayoozesha mbao. Ya chumvi hayana ubaya huo. Kizibo chenyewe mimi nakitunga uzi nakivaa shingoni kama hirizi. Watu wananicheka, lakini sijawahi kuishusha mashua nikiwa sina kizibo, na baadhi ya wanaocheka wamewahi.

Kuparura, siku hiyohiyo

Usiende kulala. Vile vidude vyenye magamba makali vinavyojibandika chini hutoka kwa urahisi vikiwa na maji, na vikikauka vinakuwa saruji. Tumia kipande cha bati nene au jembe kuukuu lililokatwa mpini, sukuma kwa kulalia, usichimbe. Majani na utelezi fuata kwa fumba la makumbi ya nazi na maji ya bahari. Vaa glavu na viatu. Magamba yale yanakata, na kidonda chake hakiponi upesi.

Kama chini una rangi ya kuzuia uchafu, usiisugue kwa msasa ikiwa kavu. Ndani yake mna shaba na sumu nyingine, na vumbi lake litaingia kifuani kwako. Irowanishe, sugua ikiwa mbichi, funga kitambaa puani, na mabaki yake usiyaachie mchangani wanapochimba chaza akina mama.

Kugonga na kusikiliza

Siku ya pili naipa mashua mpaka adhuhuri ikauke, kisha nachukua nyundo ndogo na chaki. Naanza omo, naenda ubao kwa ubao, nagonga kila shibiri. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, ko, ko. Mbao iliyobunguliwa inajibu kama papai. Penye sauti ya papai naweka duara la chaki, nikimaliza mashua yote narudi na ncha ya kisu.

Yule mdudu anayekula mashua majini usimtafute kwa macho. Huingia akiwa mdogo sana, tundu lake la kuingilia ni la kichwa cha pini, kisha hukua humo humo ndani na kuchimba njia pana kama kidole, ameipaka kitu cheupe kama chokaa. Watu humwita funza, lakini ukoo wake ni wa chaza. Nje ubao unang'aa, ndani ni sega la nyuki. Nilishawahi kukandamiza kisu kwa kidole kimoja, kikazama mpaka mpini, kwenye ubao nilioupaka mafuta mwezi uliopita na kuusifu.

Penye ugonjwa mdogo fundi anakata anatia hasho: anaondoa mbao mbovu mpaka anakuta nzima, anachonga kipande cha kujaza, anakiweka na pamba na kukipigilia. Ugonjwa ukizidi urefu wa mkono, usibembeleze, badilisha ubao mzima. Kazi ya tezo, chombo cha kuchongea mbao, mimi simfundishi mtu kwa maandishi. Mwite fundi, na ukae naye umtazame.

Angalia pia misumari. Msumari unaokufa unalia, utaona mstari wa kutu unashuka chini yake. Ung'oe kwa taratibu, tia mwingine wa kupakwa zinki ulio mnene kidogo kuliko wa kwanza, uzungushie pamba yenye mafuta chini ya kichwa. Toboa kwanza kwa keekee au dirili. Ukipigilia bila kutoboa, mninga unapasuka mbele ya macho yako.

Kalafati

Hapa ndipo mashua inapookoka au inapozama, na ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea.

Mtu akiona nyufa baina ya mbao anataka kuzijaza zote, tena kwa nguvu, tena kwa kitu kigumu. Nilikuwa hivyo. Mwaka wa kwanza niliposhika patasi, jua la Februari lilikuwa limeikausha mashua siku tano, nyufa zimefunguka mpaka unaona mwanga, nami nikapiga pamba kama nashindilia zege. Mzee wangu wa kalafati akaja akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo mzee. Kazi si inakwenda?"

"Marahaba, mwanangu. Inakwenda. Mbao ikinywa maji ikavimba, itavimbia wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanichukulia patasi, akatoa pamba yangu yote, na tukapoteza siku. Ukishindilia mbao kavu, ikiingia majini inatanuka, haina pa kwenda, inaisukuma jirani yake, na misumari inavutwa kwenye mataruma. Utakuwa umeziba nyufa na kuilegeza mashua nzima. Wanaojaza saruji au ile gundi ngumu ya magari wanapata balaa hilohilo, au gundi yao inatemwa nje siku ya tatu.

Kwa hiyo kwanza usiache mashua ikauke kupita kiasi. Baada ya kugonga nazifunika mbavu zake kwa makuti, na asubuhi na jioni namwagia maji ya bahari. Nasisitiza ya bahari. Nyufa zilizofunguka kwa jua tu zitajifunga zenyewe. Unazozitafuta ni zile ambazo pamba yake imelegea, imekuwa nyeusi, au inatoka ukiivuta kwa kidole. Ng'oa hizo tu kwa ndoano, safisha mpaka uone mbao safi pande zote mbili.

Pamba iwe ghafi, isiwe ya hospitali. Isokote kwa paja mpaka iwe nene kama kalamu ya risasi, ichovye kwenye sifa, ikamue. Sifa ni mafuta ya ini la papa, na harufu yake haisemeki. Siku ya sifa nyumbani kwangu nalazwa barazani. Siku hizi haipatikani kama zamani, na mafuta ya nazi yanafanya kazi, ila huyarudia mapema. Mafuta machafu ya injini usitumie. Najua wanaoyatumia, najua ni ya bure, lakini yanatoka yote baharini, na samaki ni hao hao tunaowala.

Ilaze pamba kwenye ufa kwa vikunjo vidogo vidogo, usiivute ikawa uzi ulionyooka. Ipige kwa patasi butu, mara ya kwanza ikae tu, mara ya pili iingie. Sauti itakwambia: ikianza kuwa ngumu, acha. Pamba ikae ndani kidogo ya uso wa mbao, nafasi hiyo uizibe kwa chokaa iliyokandwa na mafuta mpaka iwe kama unga wa chapati. Chokaa hiyo inabaki laini kiasi, na mbao ikivimba inaibana bila kugombana nayo.

Maungio ya mkuku na ubao wa kwanza yape muda mara mbili ya mengine. Hapo ndipo mashua inapokaa juu ya mchanga kila maji yakipwa, na ndipo inapovuja kwanza.

Moto, na swali la deheni au rangi

Siku ya tano, mchana usio na upepo, natia moto. Makuti makavu yanafungwa kitita kwenye mti mrefu, yanawashwa, na unayapitisha chini ya mashua kama unayepiga pasi: unapita, hukai. Unataka mbao ipate joto la kukausha unyevu na kuua kilichobaki ndani. Hutaki ishike moto. Mtu mwingine asimame na ndoo mbili, ya maji na ya mchanga. Mashine, petroli na tanga viwe mbali kabisa, na ukianza kusikia upepo masikioni, acha. Mashua yenye rangi ya sumu chini haitiwi moto, moshi wake ni mbaya. Na faiba, bila shaka, haichomwi.

Mbao ikiwa ingali vuguvugu, paka deheni. Naenda buchani kuchukua shahamu ya ng'ombe kilo tano, naiyeyusha kwa moto mdogo, naichuja, natia chokaa kidogo kidogo huku nakoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Inapakwa kwa mkono, vuguvugu, kuanzia mkuku mpaka mstari wa maji. Juu ya mstari na ndani napaka sifa peke yake.

Vijana wananiuliza kwa nini situmii rangi ya dukani. Nilitumia mwaka mmoja. Ni nzuri kwa mashua inayolala majini siku zote. Yangu inakaa mchangani kila maji yakipwa, na mchanga uliila rangi ya mkukuni kabla sijamaliza kuilipia. Deheni naweza kuiparaza upya penye kuchubuka, maji yakiwa yamepwa, kwa kopo moja. Ila chagua mapema, kwa sababu mbao ikishakunywa shahamu, rangi haishiki tena. Ukibadili njia katikati utakuwa na mashua inayobanduka kama ngozi ya aliyeungua jua.

Mashine, wakati deheni inaganda

Mashine iko nyumbani, imesimama wima kwenye kibao chake. Usiilaze. Kabla sijaitoa mashuani huwa nimeshaiosha ndani: naitumbukiza kwenye pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, maji yapite pale pampu inapovutia, naiacha iungurume dakika kumi. Itazame inavyokojoa. Mkojo ukiwa mwembamba au unakatika, ama njia imeziba kwa chumvi na mchanga, ama mpira wa pampu umechoka. Mpira huo mimi nabadilisha kila mwaka hata kama unaonekana mzima, kwa sababu ukikunja mabawa yake haurudi sawa. Na usiiwashe kavu, hata kwa sekunde chache za kumwonyesha mnunuzi. Mpira huo unapozwa na maji, bila maji unajiunguza.

Oili ya gia ibadilishwe kila saa 100 za kazi au kila miezi sita, kinachotangulia. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, itoke yote kwenye kopo jeupe ili uione. Nyeusi kidogo si neno. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na sili, ule mpira wa kuzuia maji, inataka kubadilishwa kabla ya kitu kingine chochote. Kujaza ni kuanzia tundu la chini kwenda juu mpaka ichungulie tundu la juu. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani. Ziba la juu kwanza, ndipo uondoe bomba la chini ulizibe. Zile washa ndogo za skrubu weka mpya, ni vitu vya bei ya andazi.

Toa propela. Nyuma yake mara nyingi utakuta mshipi wa mvuvi umejizungusha kwenye shafti, na huo ndio unaokata sili na kuleta ile chai ya maziwa. Ukate wote, paka grisi, rudisha propela na pini mpya ya kufungia. Kile kipande cha zinki chini ya mashine kipo ili kiliwe badala ya mashine. Kikibaki nusu, weka kingine, na usikipake rangi, maana kikipakwa hakiliwi tena, na chumvi inageukia bodi.

Plagi, chujio la petroli na mpira wa kupampia ni kazi ya nusu saa, sina la ziada, ila mwaga petroli ya chini ya tangi kwenye chupa ya kioo na iache itulie. Maji yakiwemo utayaona yamekaa chini. Kiasi cha oili kwenye petroli fuata kitabu cha mashine yako, si mdomo wa jirani.

Usukani na tanga

Tazama rumada za usukani, yaani bawaba zake: shika usukani uutikise, ukicheza zaidi ya unene wa kidole cha shahada, skrubu zake zimekula mbao. Kwenye foromali, mti unaobeba tanga, fungua lile fundo la katikati, kwa kuwa mti huozea chini ya kamba. Jarari, kamba ya kupandishia tanga, ligeuze, mwisho wake uwe mwanzo, ili palipokuwa panasuguana na kapi papumzike. Tanga litandike kivulini, lipitie mshono kwa mshono. Basi.

Kuishusha

Kuanzia tarehe 27, kama ulipandisha 18, maji yanaanza kuirudia. Nenda usiku na mchana uone yamefika wapi. Funga nanga upande wa baharini kwa kamba ndefu, na nyingine nchi kavu, ili isije ikaelea ukiwa msikitini. Rudisha kizibo, kipige, kisha shuka ukakitazame kwa nje. Maji yakifika nusu ya ubavu, ondoa gadi za upande wa chini ya upepo mwisho, mkiishika kwa mikono, na iache iinuke yenyewe.

Itavuja. Usiogope na usianze kumlaumu fundi. Mbao inakunywa, na itakunywa siku moja au mbili. Usiku wa kwanza nalala ndani na upo, kile chombo cha kutekea maji, nafua maji kila nikiamka, nahesabu. Safari iliyopita usiku wa kwanza nilifika mapo mia na arobaini, nikaacha kuhesabu. Usiku wa pili yalikuwa sitini. Asubuhi ya tatu nilipofua ngama niliishia kumi na saba, maji yenyewe yakiwa na rangi ya sifa, ndipo nikamtuma kijana nyumbani akalete mashine.